Maswali ya Mlangoni kwa Bwana Harusi

Hapana, sikufukuzwa. Wala si simu zilizonitoa kazini, ingawa najua hapa Dunda, Bagamoyo, ndivyo mnavyoambiana. Niliacha mwenyewe, mchana kweupe, na sababu nitawaambia, ila si sasa hivi. Nikianza na sababu, nani atakaa kunisikiliza?

Anayeandika ni Zuhura, mjukuu wangu. Nimemwambia, andika ninavyosema, usinipambie maneno watu wakadhani nimesoma. Sikusoma mimi. Shule niliingia siku moja tu. Mwalimu akasema, "Kaeni chini!" Nami nikamrudishia, "Kaeni chini!" kwa sauti yake mwenyewe, ile ya puani, na darasa zima likakaa mara ya pili. Nikaambiwa nikalete mzazi. Mzazi hakwenda, na mimi sikurudi.

Sasa, kazi yangu ilikuwa kufunga mlango wa harusi. Nyinyi wa siku hizi mnaoana ukumbini na mataa, hamjui. Kwetu, bwana harusi akishafunga ndoa anakuja na watu wake nyumbani kwa bibi harusi, na wanawake wa upande wa bibi wanamzibia mlango wa chumba. Haingii hivi hivi. Sehemu nyingi anadaiwa pesa. Hapa mtaani kwetu, yeye na watu wake waliulizwa maswali. Ya historia, ya mashairi, ya muziki, ya dunia nzima. Wakijibu matatu, mlango unafunguka. Wakikosa, wanachekwa, wanaimbishwa, wanajaribu tena. Basi mwuliza maswali nilikuwa mimi, na watu walitoka mpaka Zinga na Mlingotini kuja kunichukua.

Aliyenirithisha ni Bi Tatu, Mungu amrehemu. Sauti yake nzito, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Alikuwa akisema, "Mlango wa pesa humwaibisha maskini. Mlango wa swali humwaibisha mjinga tu, na mjinga ameshazoea." Mimi nilikuwa mkoroga pilau, nakaa na moshi wangu nyuma ya nyumba, nasikiliza. Siku moja Bi Tatu kaamka koo limefunga, hatoi hata "bismillahi." Watu wa bwana harusi wameshafika, ngoma inalia. Akanivuta kwa mkono, mwiko bado ninao, akanisimamisha nyuma ya pazia. Yeye ananinong'oneza swali, mimi nalitoa kwa sauti yake, ya mtungini. Waliokuwa nje hawakujua. Mzee mmoja akasema, "Leo Bi Tatu yuko vizuri, kapata dawa gani?" Tangu siku hiyo mwiko nilimwachia mwingine.

Mnaniuliza mtu asiyejua kusoma alipata wapi majibu? Nilikuwa na watu watatu. Wa kwanza Bwana Karimu wa duka la vitambaa, ambaye kila asubuhi alisoma gazeti kwa sauti kana kwamba mafundi cherehani wake wote viziwi. Nikiingia ananitazama juu ya miwani, "Mama wewe, kila siku uliza tu! Nunua lini?" Lakini anajibu. Wa pili Mwalimu Shomari, mstaafu. Huyo ukimuuliza saa ngapi, anakuanzia na jua. "Swali zuri sana. Kabla ya kulijibu, hebu kwanza tujiulize, swali ni nini?" Wa tatu Mzee Faraji, muuza kahawa, ambaye redio yake haikuzimwa mpaka betri iishe yenyewe.

Na uzuri wao, hawa watatu walikuwa hawasalimiani. Karimu na Mwalimu waligombana kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Mwalimu na Faraji waligombana kwenye bao. Faraji na Karimu hata sababu walishaisahau, lakini ugomvi waliutunza. Basi mimi nikipata swali, nalipeleka kwa wote watatu. Jibu wakilikubali watu watatu wasiosalimiana, hilo jibu ni kweli, maana hakuna ambaye angekubali kufanana na mwenzie kwa hiari. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Ninyi mnaotaka kazi hii, shikeni hilo kwanza. Jibu moja kutoka kwa mtu mmoja ni maneno tu.

La pili, msimuulize bwana harusi kitu asichokijua. Mnashangaa? Yule kijana pale mlangoni ana jasho mpaka ndani ya viatu, wakwe wanamtazama, kanzu ya kuazima inambana kwapani. Swali la kwanza ni la kumpa pumzi. Mimi kabla ya harusi nilikuwa naenda kumchungulia. Kama ni fundi pikipiki, nakaa jirani na gereji yake nanunua mihogo ya kukaanga, namsikiliza anaimba nyimbo gani, anabishana nini na wenzie. Siku ya siku namuuliza hilo hilo. Anajibu, kifua kinapanda, na bibi harusi ndani anasikia mume wake amejibu. Swali la pili ni la marafiki zake. La tatu, gumu, hilo la wazee na la wajuaji.

Maswali mazuri ni yale ambayo kila mtu anadhani anajua. Uliza karafuu asili yake wapi. Watu mia wanakwambia Pemba, na Pemba imeletwa tu, asili yake visiwa vya huko Indonesia. Uliza ubeti wa utenzi una vipande vingapi. Vijana wanaanza kuhesabu vidole. Vinne, watoto wangu. Vitatu vinafanana mwisho, na cha nne kinashikana na vya nne vya beti nyingine mpaka utenzi unakwisha, kama mwanamke anayegawa chakula nyumba nzima na mwenyewe anakula peke yake jikoni.

Lakini na kukosa nimekosa sana. Kule Zinga niliuliza, "Muhogo ulitoka wapi kabla ya kufika kwetu?" Jibu nilikuwa nalo, watu watatu walinipa. Brazili, umeletwa na Wareno. Kabla vijana hawajafungua mdomo, bibi yake bibi harusi, kikongwe aliyelima maisha yake yote, akaropoka kutoka chumbani, "Muhogo umetoka hapo nyuma ya choo! Mwenyewe nimeupanda!" Watu wakalala chini kwa kucheka. Mimi nikaanza kumwelekeza, Wareno, meli, bahari. Akanikata, "Wareno ndio walikuwa wanapalilia?" Siku hiyo nikajifunza kwamba jibu likiichekesha nyumba, lipitishe. Nikafungua mlango. Mshika mlango hayuko pale kushinda. Yuko pale ili watu wa huku na watu wa kule wacheke pamoja kabla hawajawa ndugu. Bi Tatu alinieleza hivyo, na mimi nilidhani nimemwelewa.

Basi zikaja simu. Huo ndio wakati wenu. Nauliza swali, vijana kumi wanainama kama wanasali. Nikaweka beseni. Kila mtu simu ndani, natupia kanga juu. "Aa bibi, unatuonea! Sasa tutafikiria na nini?" Na bado walinizidi ujanja. Kuna kijana mmoja kila swali anajibu, tena kwa mpangilio kama mtangazaji. Nikaona kila nikiuliza anatulia kidogo, jicho juu, kama mtu anayesikiliza mvua inaanza. Nikamsogelea, kama nataka kumrekebishia kofia, nikampigia vigelegele sikioni. Yowe lilitoka nyuma ya nyumba! Kumbe mwenzie yuko huko na simu, anamsomea, na huyu kaficha kidude masikioni chini ya kofia. Nusu saa hatukuweza kuendelea na harusi.

Sasa niwaambie nilivyoacha.

Ilikuwa harusi ya Saumu, hapa hapa Dunda, nyumba ya pili kutoka kwa Bwana Karimu. Shangazi yake, Bi Mgeni, ndiye aliyenialika, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale ndani. Bwana harusi anaitwa Hamisi, fundi seremala, kijana mpole. Kwao Ubena, kule karibu na Chalinze. Mama yake alimwacha mchanga, kafariki, akalelewa na babu yake. Posa ililetwa na baba yake mkubwa anayekaa Dar es Salaam, mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, ndiye tuliyemzoea. Lakini chini chini watu wa nyumba ile walikuwa wakisema, "Saumu anapelekwa porini." Bi Mgeni alinivuta pembeni, midomo imebana namna hii, "Leo wahenyeshe kidogo. Wajue wamekuja mjini."

Nami nikakubali. Sisingizii mtu.

Wakaja. Swali la kwanza kwa Hamisi, nilishamchungulia, najua anapenda taarabu. "Kati ya udi, fidla na kanuni, ipi ina nyuzi nyingi zaidi?" "Kanuni, bibi." Vigelegele. Swali la pili kwa marafiki, "Wajerumani walipoanza kutawala, makao yao makuu yalikuwa mji gani?" Wakapasua koo, "Bagamoyo!" Vigelegele. Nikakohoa, nikaweka mkono kiunoni, nikatoa la tatu. "Nchi gani duniani ina piramidi nyingi kuliko zote?"

Swali hilo sikulipeleka kwa mtu. Wala kwa Karimu, wala kwa Mwalimu, wala kwa Faraji. Nililisikia asubuhi ile ile kwa watoto wanaotoka madrasa, na jibu nilijua, nani asiyejua? Piramidi ni Misri.

Mkono ukanyooshwa nyuma, kama wa mtoto darasani. Alikuwa mzee, mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana kama kisu. Babu yake Hamisi. Watu wakampisha, akaja mpaka mbele yangu, akasema taratibu, "Ni Sudani, mama."

Maneno yake nayasema kwa sauti yangu. Sauti yake siiigizi tena. Lakini siku ile niliiigiza. Nilipandisha mabega kama yeye, nikavuta maneno kama wanavyoyavuta kule kwao bara, nikasema, "Ni Sudaaani, mama! Pilamidi ziko Sudaaani, zimepandwa kando ya mihogo!"

Watoto wangu, sijawahi kupata kicheko kama kile. Ukumbi mzima wa nyumba, ndani na barazani. Bi Mgeni alishika ukuta. Hata baba mkubwa wa Dar alicheka, halafu akatazama viatu vyake. Rafiki mmoja wa Hamisi akadakia, "Misri!" Nami nikasema, "Huyo kasoma!" nikasukuma mlango, ukafunguka.

Hamisi akainua mguu kuvuka kizingiti. Akageuka. "Babu yuko wapi?"

Hayupo. Mtu mmoja wa barazani akasema kamwona anatoka, anaelekea kwenye kijiwe cha bodaboda.

Hamisi akaushusha mguu wake ukabaki nje. "Basi mimi nangoja."

"Unangoja nini?" Bi Mgeni akauliza. "Mlango umefunguliwa, baba."

"Nangoja babu."

Mnajua maana yake? Bwana harusi akirudi nyuma kutoka kizingitini, mji mzima utazungumza mpaka Pangani. Saumu yuko ndani, kavishwa, hina mpaka kiwiko, anasikia kila kitu. Tukamsikia anasema, "Kuna nini? Mbona haingii?"

Nikajaribu kuchangamsha. "Haya, babu kaenda Sudani kuhesabu, atarudi!" Hakuna aliyecheka. Hata mtu mmoja. Nikajua jinsi ukimya unavyokaa mtu anapotarajia kicheko, ni kama kukalia kigoda ambacho hakipo.

Ndipo mdogo wake Saumu, Mwanaidi, akatia mkono kwenye beseni, akatoa simu yake. Akaandika, akasoma, akanyanyua uso. "Bibi. Ni Sudan kweli. Zipo nyingi kuliko za Misri. Za Misri ni kubwa zaidi, lakini za Sudan ni nyingi zaidi."

"Simu ya Kichina hiyo," nikasema.

Wallahi nilisema hivyo.

Hamisi hakunikaripia. Kijana yule ana adabu. Alisema tu, akitazama kizingiti, "Babu aliambiwa huku Dunda mlango ni wa maswali. Miezi mitatu, kila jioni anakwenda pale barabarani, magari makubwa yanaposimama. Anawauliza madereva. Wa Kongo, wa Zambia, wa kila mahali. Kusoma hajui, anayashika kichwani. Akifika nyumbani ananiambia, 'Niulize.' Namuuliza. Alisema hataki wakwe zangu wanicheke."

Nilimsikiliza, nikaona kama mtu ananisimulia habari zangu mimi. Kusoma hajui. Anayashika kichwani. Nikavua ushungi nikaufunga upya. Nikatoka.

Nilimkuta kwenye benchi la vijana wa bodaboda, kofia kaiweka gotini. Nikakaa kando yake, nahema.

"Mzee wangu, nimekuja."

"Umekuja."

"Ulikuwa na haki. Ni Sudani."

"Najua."

"Sasa mbona hukubisha?"

"Ningebisha na nani? Watu walikuwa wanacheka."

"Nisamehe, mzee wangu. Ulimi wangu huu unatangulia, kichwa kinafuata nyuma."

"Nimekusamehe."

"Basi turudi."

Akatikisa kichwa. "Nitapanda bodaboda mpaka stendi. Nyinyi endeleeni na sherehe."

"Hamisi haingii ndani. Anasema anakungoja wewe."

Hapo akasimama. Akavaa kofia, akatangulia, na miguu ile mirefu ikanifanya nikimbie nyuma yake kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Tulipoingia watu wakafanya njia. Hamisi akampokea mkono babu yake, akaubusu. Na mimi nikaona, haya, Mungu kanipa nafasi ya kutengeneza. Nikapanda juu ya kigoda ili wote wanione. Nikasema kwa sauti yangu, siyo ya mtungini, "Jamani, leo aliyekosa ni mimi. Mzee amejibu sawa, mimi ndiye sikujua. Na mlango una haki zake, aliyekosa anaulizwa. Mzee wangu, simama hapa. Niulize swali lolote, la nchi yoyote. Nikikosa, unicheke mbele ya watu wote hawa."

Wakapiga makofi. Bi Mgeni alipumua. Niliona nimeiokoa harusi. Nikakunja mikono, nangoja, Kongo, Zambia, au mto gani mrefu, au mfalme gani.

Babu akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akauliza, "Mimi naitwa nani?"

Nikamtazama Bi Mgeni, Bi Mgeni akatazama dari. Nikamtazama shangazi mwingine, akainama kumfunga mtoto kiatu, na mtoto alikuwa peku. Baba mkubwa wa Dar alijua, na Hamisi alijua, lakini hawakusema, na haki yao. Upande wetu wote, wanawake thelathini tuliopika tangu alfajiri kwa ajili ya watu wale, hakuna hata mmoja.

"Babu... babu yake Hamisi," nikasema.

Halafu akasema, taratibu vile vile, "Shikamoo hukunipa. Jina hukuniuliza. Umeniuliza piramidi."

Nikashuka kigodani, nikampa shikamoo, nikamwuliza jina lake, Hamisi akavuka kizingiti babu yake akimtazama, na tangu mchana ule mlango wa harusi sijaufunga tena.